Musisi au Fimbo: jibu kwa shabiki wa Villa aliyekosana na mjomba wake

"Mimi ni shabiki wa SC Villa ya hapa Uganda, nimezaliwa 1982, naishi Bombo na naendesha boda. Mjomba wangu amezaliwa 1973. Ana cherehani yake karibu na steji yetu, na ndiye aliyenifundisha kuipenda Villa tangu nikiwa mtoto. Kila jioni pale kwake tunabishana nani mchezaji bora wa Villa wa nyakati zote. Kwake ni Majid Musisi tu, hataki kusikia mwingine. Mimi nasema ni Andrew Mukasa, Fimbo, kwa sababu mabao 45 katika msimu mmoja si mchezo, na Villa yake ile ya 1998 hadi 2004 ilichukua ubingwa mara nane mfululizo. Ramadhani iliyopita, baada ya futari, mjomba alisema mbele za watu kwamba fainali ya Afrika ya 1991 aliiona kwa macho yake Namboole. Nikamjibu kwamba Namboole ilifunguliwa 1997, basi huenda aliiona ndotoni. Steji nzima ikacheka. Miezi mitatu sasa ananijibu salamu tu. Vijana nao wamewekeana dau la shilingi laki mbili, pesa ziko kwa mwenyekiti wa steji, wanasubiri mtaalamu aamue. Tuamulie: nani bora? Na je, mjomba ameanza kupoteza kumbukumbu?"

Ndugu yangu, kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu imekuwa kukusanya kumbukumbu za ligi yetu: vikosi, wafungaji, tarehe, na masimulizi ya waliocheza na waliotazama. Ubishi wa namna hii nimeusikia Wankulukuku kwa mashabiki wa klabu ya Express, nimeusikia Lugogo kwa mashabiki wa KCC, nimeusikia kwenye matanga na kwenye harusi. Kwako naona mambo matatu. Unataka kujua nani bora. Unahofia akili ya mjomba wako. La tatu hukuliuliza, lakini limejaa kwenye kila mstari wako: unataka kurudi kwenye benchi lile la fundi cherehani na hujui pa kuanzia. Nitayajibu yote, na nitaanza na Namboole kwa sababu kidonda kiko hapo.

Kuhusu uwanja umesema kweli. Uwanja wa Taifa wa Mandela, Namboole, ulifunguliwa 1997. Fainali ya Klabu Bingwa Afrika ya 1991 ilikuwa kati ya Villa na Club Africain ya Tunisia. Mechi ya kwanza, Tunis, Villa ilifungwa 6–2. Ya marudiano, hapa Kampala, ilikuwa sare ya 1–1, na ilichezwa Nakivubo. Kwa hiyo mjomba alikosea jina la uwanja. Ulipokosea wewe ni pale ulipochukua kosa hilo moja ukalifanya ushahidi kwamba hakuwepo kabisa. Mtu anaweza kukosea uwanja na bado akawa alikuwepo, amesimama, ameloa jasho, ameumia moyo.

Wengi wetu tunadhani kumbukumbu ni kama picha iliyowekwa kabatini: ukiitaka unaitoa, iko vilevile. Haiko hivyo. Mtazame mjomba wako anavyofanya kazi. Hana shati zima kichwani, ana vipande: kola, mikono, kifua, mgongo. Akikosa kipande cha kitambaa kilekile, anaingiza mkono kwenye kapu la mabaki, anatafuta kinachofanana, anashona, na ukilivaa shati huoni kiraka. Akili nayo inashona upya kila mara unapokumbuka. Kilichogusa moyo hukaa imara: matokeo, uchungu, uso wa mtu uliyesimama naye. Kinachopotea upesi ni majina ya mahali na tarehe, na hapo ndipo akili huchukua kipande kilicho karibu. Tangu 1997, mechi kubwa za Cranes, timu yetu ya taifa, na za klabu zetu barani nyingi zimechezwa Namboole. Nakivubo yenyewe ilibomolewa ikajengwa upya, kiasi kwamba hata angekwenda leo kutafuta pale alipokuwa amesimama, hapapo. Akili yake ilihitaji uwanja mkubwa wa kuiwekea mechi kubwa kuliko zote alizowahi kuona, ikachukua Namboole. Si uongo huo, na wala hakukusudia kujikweza mbele za watu.

Sasa na wewe nikuguse kidogo, kwa nia njema. Umeandika kwamba Villa ilichukua ubingwa mara nane mfululizo kuanzia 1998 hadi 2004. Hesabu nami: 1998, 1999, 2000, 2001, 2002, 2003, 2004. Ni saba. Ulikuwa na miaka 16 Villa ilipoanza safari ile na 22 ilipoimaliza, ulikuwa shabiki kindakindaki, mambo yalitokea mbele ya macho yako, na bado umeongeza kombe moja. Hakuna aliyekucheka. Kilichokupata wewe kwenye idadi ndicho kilichompata yeye kwenye uwanja.

Kuna jambo jingine la kumbukumbu ambalo nadhani linaeleza ugomvi wenu wote. Upo utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ambamo watu wengi wa umri mbalimbali waliombwa kutaja wachezaji watano bora wa soka wa nyakati zote. Wangeweza kutaja yeyote duniani. Ilipoangaliwa, watu walielekea kutaja wachezaji waliokuwa katikati ya safari yao ya soka wakati mtajaji mwenyewe ana umri wa takriban miaka 17. Wanaochunguza kumbukumbu wanajua tangu zamani kwamba mtu mzima hukumbuka kwa wingi na kwa uwazi zaidi mambo ya kati ya miaka yake 10 na 30: nyimbo, marafiki, mapenzi ya kwanza, na mpira. Mambo ya umri ule ni ya mara ya kwanza, tunayasimulia mara nyingi, na ndiyo yanayotuambia sisi ni nani.

Tazama miaka yenu. Mjomba amezaliwa 1973, kwa hiyo mwaka 1991, Villa ilipocheza fainali ya Afrika, alikuwa na miaka 17 au 18. Wewe umezaliwa 1982, kwa hiyo mwaka 1999, Fimbo alipofunga mabao 45, ulikuwa na miaka 16 au 17. Nilipoiona hesabu hiyo nilisoma barua yako mara ya pili. Kila mmoja wenu anampigania mchezaji aliyemkuta akiwa na umri wa moyo kufunguka. Na jiandaeni, maana kuna kijana pale steji aliyezaliwa 2007, aliyekuwa na miaka 17 Villa ilipochukua ubingwa wa 2024 baada ya ukame wa miaka 20. Mwaka 2050 atawaambia wajukuu zenu kwamba hakuna Villa kama ile, naye ataapa.

Hii haina maana kwamba yote ni hisia na hakuna la kupima. Lipo. Tuanze na mabao yako 45, kwa sababu ndiyo silaha yako.

Ni rekodi halisi na ni kubwa. Kabla yake rekodi ilikuwa mabao 32, na aliyeiweka mwaka 1978 akiwa na KCC ni Jimmy Kirunda, mtu ambaye Waganda wengi wanamkumbuka kama beki na nahodha wa Cranes. Beki, mabao 32! Rekodi hiyo ilikaa miaka 21. Fimbo hakuipita kwa bao moja au mawili, aliiongezea 13. Anayemdharau Fimbo hajui uzito wa jambo hilo, na kama mjomba wako amewahi kusema ni mabao ya bahati, hapo yeye ndiye aliyekosea.

Lakini bao ni kama shilingi, thamani yake inategemea mwaka na soko. Kabla ya kulinganisha wafungaji wa misimu miwili, uliza ligi ilikuwa na timu ngapi, kila mmoja alicheza mechi ngapi, nani alikuwa anampa mipira, na walinzi wa upande wa pili walikuwa watu wa namna gani. Mwaka 2003 Villa iliifunga Akol FC mabao 22 kwa 1 katika mechi ya ligi. Mabao 22 ndani ya dakika 90. Ukiyaingiza kwenye daftari, kila moja lina uzito sawa na bao lililofungwa dhidi ya Express siku uwanja umejaa hadi kwenye kuta. Kila aliyetazama mpira anajua hayana uzito sawa. Tarakimu huhesabu na kunyamaza, hazikwambii bao lilipatikana kwa shida gani.

Ndiyo maana usikubali kauli ya vijana kwamba enzi za Musisi mpira ulikuwa mwepesi. Villa ilicheza fainali ya Klabu Bingwa mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikacheza tena fainali, safari hii ya Kombe la CAF, dhidi ya Shooting Stars ya Nigeria. Fainali mbili za Afrika katika miaka miwili. Zote tulipoteza, na uchungu wake bado upo. Lakini tangu wakati huo hakuna klabu ya Uganda iliyofika fainali ya mashindano ya Afrika. KCCA, ile iliyoitwa KCC zamani, imefika hatua ya makundi na mwaka 2018 ikaifunga Al Ahly 2–0 hapa nyumbani, Vipers nao wamefika makundi, na hayo ni mafanikio ya kujivunia. Fainali, bado. Musisi alikuwa fowadi wa Villa ile. Baadaye akaenda Rennes ya Ufaransa, kisha Bursaspor ya Uturuki, katika siku ambazo mchezaji kutoka Kampala kupata klabu Ulaya lilikuwa jambo la nadra sana.

Hapo naona mjomba wako anatabasamu. Lakini naye nimwambie, kuna kauli ya watu wa umri wetu inayowaonea vijana: kwamba wachezaji wa sasa hawana mapenzi na klabu, wanapita tu. Zamani mchezaji bora alikaa hapa miaka minane, kumi, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa mwembamba. Sasa akicheza vizuri misimu miwili anachukuliwa. Emmanuel Okwi alitoka Villa akiwa kijana akaenda Simba ya Dar es Salaam, akapendwa huko kama mtoto wa nyumbani. Denis Onyango naye alipita Villa kabla ya kwenda Ethiopia na Afrika Kusini, na mwaka 2016, akiwa na Mamelodi Sundowns waliotwaa ubingwa wa Afrika, akachaguliwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara. Ukiuliza kipa bora wa Uganda, jina lake liko juu kabisa. Ukiuliza kipa bora wa Villa, jibu linabadilika, kwa sababu sehemu kubwa ya ukubwa ule ameujenga kwingine. Kuna mchezaji mkubwa aliyepita klabuni, na kuna mchezaji mkubwa wa klabu, na ubishi mwingi unatokana na kuwachanganya hao wawili.

Kwa kweli mnapouliza "nani bora" mnauliza maswali matatu kwa sentensi moja. Mmoja anauliza nani alikuwa hatari zaidi siku alipokuwa kwenye kilele chake. Mwingine anauliza nani aliipa klabu vingi zaidi, ukijumlisha miaka yote. Wa tatu anauliza nani alimfanya aipende Villa. Mjomba wako nadhani anajibu la kwanza na la tatu. Wewe unajibu la kwanza, lakini kwa msimu mmoja. La pili hakuna anayelijibu, na hilo linanisikitisha, kwa sababu la pili ndilo linalomtaja Paul Hasule.

Hasule alikuwa beki na nahodha, na baadaye akaifundisha Villa na Cranes. Vijana wa steji yako wangapi wanamtaja? Siwalaumu. Nimekaa siku nyingi maktaba na magazeti ya zamani, karatasi zimegeuka rangi ya chai, kingo zinakatika mkononi ukigeuza haraka. Taarifa ya mechi ya miaka ya 80 mara nyingi inakupa matokeo, wafungaji, pengine waliooneshwa kadi, na maneno machache kuhusu mashabiki. Aliyezuia bao dakika ya 80 hayumo. Aliyempanga mwenzake vizuri akaziba pengo hayumo. Kwa hiyo kadiri miaka inavyopita, fowadi anabaki kwenye karatasi na beki anabaki kwenye vichwa vya watu waliomwona. Watu hao wakiondoka, beki anaondoka nao.

Nimelishuhudia hilo. Miaka iliyopita nilikaa na mzee mmoja aliyewahi kucheza ligi, nikamuuliza kuhusu mechi moja. Akaniambia bao lilikuwa la kichwa, mwishoni kabisa. Nikaenda kwenye gazeti: bao lilifungwa kipindi cha kwanza, kwa mguu. Ningeweza kumfuta. Lakini alikuwa ameniambia pia kwamba beki wao wa kati siku ile alicheza amefungwa kitambaa pajani, na kwamba kila mpira ulipokwenda upande wake, kiungo alirudi mbio kumfunika bila kuambiwa. Gazeti halikuwa na neno hata moja la hayo. Nikamtafuta yule kiungo, naye akacheka akasema, "Paja la kushoto." Gazeti lilikuwa sahihi kuhusu bao. Mzee alikuwa sahihi kuhusu mechi.

Sasa, mfanye nini pale steji? Wengine hupiga kura. Ni rahisi, kila mtu anashiriki, lakini kura hushindwa na walio wengi, na pale steji walio wengi ni vijana. Hakuna aliyemwona Musisi atakayeshinda kura ya watu ambao hawajamwona. Wengine hutunga alama: mataji kadhaa, mabao kadhaa, mechi za taifa kadhaa, kisha wanajumlisha. Inaonekana kama sayansi, ila anayepanga alama ndiye aliyeshachagua mshindi. Ukilipa bao alama tano, fowadi ameshinda kabla hamjaanza, na ukiulipa mwaka wa utumishi alama tano, Okwi hana nafasi.

Mimi huwashauri watu waanze kwa vizazi. Walioitazama Villa ya 1982, ilipochukua ubingwa wa kwanza, hadi 1994 wachague wao bora wao. Walioitazama ya 1998 hadi 2004 wachague wao. Wa miaka ya ukame, ambao mara nyingi husahaulika ingawa ndio waliobaki waaminifu Villa ilipokuwa haichukui kitu, wachague wao. Kisha mkae pamoja mpange kikosi kimoja cha watu kumi na mmoja, namba kwa namba. Mtashangaa jinsi ugomvi unavyopoa mnapofika kwa beki wa kushoto, kwa sababu hapo kila mtu anahitaji msaada wa mwenzake kukumbuka. Njia hii nayo ina kasoro: haikupi jina moja la juu. Nadhani tunaweza kuishi bila jina moja.

Lakini umeniuliza, na sipendi mtaalamu anayekwepa. Kwa msimu mmoja, Fimbo, bila shaka. Kwa yote aliyoipa klabu, Hasule. Kwa kilele, mchezaji ambaye ningemtaka kwenye kikosi changu usiku wa mechi ya Afrika, ni Majid Musisi. Nikilazimishwa kuchagua jezi moja tu, ni ya Musisi. Ujue pia kwamba mwaka 1991 mimi nilikuwa na miaka 19, kwa hiyo yale niliyokueleza kuhusu umri wa miaka 17 yananihusu na mimi, na uamuzi wangu uupunguze kiasi hicho.

Kwa sababu hiyo, maoni yangu yasitumike kumaliza lile dau. Mwambie mwenyekiti wa steji amrudishie kila mtu pesa yake kama alivyoitoa. Hakuna ushahidi duniani unaoweza kuamua jambo hili kiasi cha kumfanya mtu apoteze fedha kwa haki. Na fikiri kwa upande wa mjomba: neno alilolitoa baada ya futari, kuhusu siku anayoitunza moyoni, kwanza lilichekwa, kisha likageuzwa kamari. Mimi ningekuwa yeye, la pili lingeniuma kuliko la kwanza. Pesa hizo zikianza kuleta kusukumana pale steji, usijaribu kusuluhisha mwenyewe, mpelekeeni mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji, mapema.

Kuhusu akili yake, kuchanganya uwanja wa mechi ya zaidi ya miaka 30 iliyopita si dalili ya ugonjwa. Wewe, mimi na mwenyekiti wako tunafanya hivyo kila wiki. Ya kuangalia ni mambo ya karibu. Je, anauliza swali lilelile mara tatu ndani ya saa moja? Anasahau mteja aliyelipa arubuni jana? Anakata kitambaa kwa vipimo visivyo, yeye ambaye hajawahi kukosea? Amepotea kwenye njia anayopita kila siku, au tabia yake imebadilika ghafla? Ukiona hayo, na hasa yakiongezeka mwezi hadi mwezi, mpelekeni hospitali aonane na daktari ana kwa ana, aende na mtu anayeishi naye. Msisubiri mkidhani ni uzee. Ana miaka hamsini na kitu tu, na baadhi ya sababu za kusahau hutibika: huzuni kubwa, dawa fulani, upungufu wa vitamini, sukari isiyodhibitiwa. Kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili yoyote kati ya hizo. Naona mtu mzima aliyevunjiwa heshima na mtoto wa dada yake.

Dada yake ndiye mama yako, na hapo ndipo ningeanza. Mweleze mama ukweli wote, pamoja na neno lile la ndoto. Kisha nenda kwa mjomba nyumbani kwake, usiende kwenye cherehani watu wakiwa wanapita. Mwombe radhi bila kuongeza "lakini". Usimweleze habari za utafiti wala za kumbukumbu, hiyo si siku yake. Na kwa kuwa alichekwa mbele za watu, siku nyingine, pale steji, waambie wenzako kwamba Namboole haikuwepo ila mjomba alikuwepo. Akikataa kukupokea mara ya kwanza, usilazimishe. Mama atangulie, au imamu wa msikiti wenu, au mtu wa rika lake waliyekuwa wakienda naye mpirani, kama yupo.

Kisha kuna kazi ningependa uifanye, na hii nakuomba kwa ajili ya Villa na kwa ajili yangu. Philip Omondi wa KCC, aliyekuwa miongoni mwa wafungaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978 Uganda ilipofika fainali kule Ghana, alifariki 1999. Musisi alifariki 2005. Hasule 2006. Polly Ouma, aliyekuwa mchezaji na kocha wa Cranes, 2018. Kirunda 2020. Waliocheza wanaisha, na waliowatazama wanafuata. Mjomba wako ni miongoni mwa watu wanaozidi kupungua wanaoweza kusema jinsi Musisi alivyosimama akiwa na mgongo kwa beki, mguu gani alianza nao, alifanya nini akipoteza mpira.

Nunua daftari lenye jalada gumu. Mwache aseme, wewe uandike. Juu ya kila ukurasa weka tarehe ya mazungumzo, mechi anayoizungumzia, na umri wake wakati ule. Pembeni tenganisha aliyoyaona mwenyewe, aliyoyasikia redioni, na aliyoyasikia kwa watu. Usimsahihishe akiwa anazungumza. Siku ukiwa na nafasi nenda maktaba ya Chuo Kikuu cha Makerere uombe magazeti ya zamani: New Vision lipo tangu 1986, kwa hiyo 1991 imo, na Monitor lilianza 1992. Gazeti likitofautiana naye, andika yote mawili, ubavu kwa ubavu, usifute hata moja. Kisha chukua daftari lingine ufanye hivyohivyo kwa Fimbo, ukiwa wewe ndiye shahidi, na mtu mwingine akiandika.

Siku ya kwanza usimtajie uwanja kabisa. Muulize siku ile alikwenda na nani, walipanda gari gani kutoka Bombo, na waliposhuka waliingia kwa mlango upi.